Leza ya kuondoa nywele: wameniunguza shingo, halafu wanasema ngozi yangu ndiyo tatizo

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiye na muda apite, sitamlaumu.

Nina madoa 11 kidevuni na shingoni. Nimeyahesabu leo asubuhi mbele ya kioo. Si ya chunusi. Yana pembe nne, kila moja lina upana wa kidole na urefu wa pingili moja, yamejipanga mistari miwili kama karatasi iliyogongwa mihuri na karani mwenye haraka. Hilo ndilo umbo la kioo cha mashine ya kliniki niliyokwenda kuondoa nywele. Kila mahali yule dada mhudumu alipobandika na kubonyeza pamebaki alama. Usiku ule shingo ilikuwa inawaka, kesho yake malengelenge, na sasa ni wiki ya saba: tisa yamekuwa meusi tii kuliko ngozi yangu, mawili ya katikati yamepauka. Daktari wa ngozi ananipa moyo kuhusu yale tisa. Kuhusu hayo mawili hakutaka kuniahidi kitu.

Nilifuata nini huko? Ndevu. Ndiyo, mwanamke mwenye ndevu, cheka umalize tuendelee. Miaka mingi nimekuwa nikizing'oa kwa kibanio kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki, na malipo yake ni vipele na nywele zinazoota kwa ndani. Nikaona tangazo lao: nywele zinaondoka milele, haiumi, ngozi zote. Nikalipia vikao sita kwa mkupuo kwa sababu eti ukilipa vyote mapema unapunguziwa. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe kamba, kwa hiyo hilo kosa nalibeba mimi. Yaliyofuata siyabebi.

Fomu niliyojazishwa iliuliza jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na "umetufahamu kupitia nani". Basi. Hakuna aliyeuliza natumia dawa gani, kama nina mimba, kama nimeshinda juani wiki hiyo, wala kama nimeng'oa nywele siku za karibuni. Na mimi nilikuwa nimeng'oa juzi yake tu! Nilitaka nionekane nadhifu, si unajua tena.

Sikilizeni niliyoyajua baadaye, ambayo nilistahili kuambiwa kabla sijakalia kile kiti. Huu mwanga hauoni nywele, unaona rangi. Unapenya ngozi, unanaswa na melanini, yaani rangi ya asili iliyomo kwenye unywele, unageuka joto, na joto hilo ndilo linaloharibu mzizi kule chini. Ukishang'oa unywele kwa kibanio, waksi au uzi, umeondoa kile ambacho mwanga ungekishika. Ndiyo maana wanaojua kazi wanakukataza kung'oa kwa wiki nne hadi sita kabla ya kikao na kukuruhusu wembe tu, maana wembe unakata juu na kuuacha mzizi mahali pake. Kikao changu cha kwanza, kwa maneno mengine, walikuwa wanamulika mashimo matupu.

Bila shaka hakikufanya kitu. Nikarudi baada ya wiki mbili, kwa sababu "ofa inaisha". Wiki mbili! Nywele hazioti zote kwa pamoja. Baadhi zinakua, nyingine zimepumzika, na mwanga unazipata vizuri zile zinazokua tu. Ndiyo sababu ya vikao kuwa vingi na kupishana wiki nne hadi nane kutegemea sehemu ya mwili, uso ukiwahi kidogo kuliko miguu. Na hata kikao kikifaulu nywele hazidondoki papo hapo, zinapukutika zenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Mimi sikulijua hilo. Yule dada ama hakulijua ama hakujali. Akaangalia kidevu changu, akasema, "Ngozi yako ngumu, leo tutaongeza nguvu."

Akaongeza.

Kikao cha kwanza nilisikia mchomo mfupi, kama mpira wa kufungia noti uliovutwa ukaachiwa. Huo ni wa kawaida, na aliyeandika "haiumi" kwenye tangazo ana lake jambo. Cha pili kilikuwa kitu kingine kabisa. Jeli ya baridi imepakwa, macho nimefumba nyuma ya miwani, mwanga unapita hadi ndani ya kope, pa! halafu moto unabaki palepale, hautoki. Harufu ya nywele zilizoungua imejaa chumba. Nikamwambia dada inachoma sana. Akajibu, "Vumilia mpenzi, ndiyo inafanya kazi." Alama ya sita nikamshika mkono. Akacheka. Akaniambia kikao kijacho ataniletea krimu ya ganzi, nijipake nyumbani na kufunga nailoni ili iingie vizuri.

Nisimame kidogo kwenye hili la ganzi kwa sababu linatisha kuliko madoa yangu. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 25, kufa kwa krimu ya ganzi waliyojipaka miguuni na kuifunga kwa nailoni wakijiandaa kwenda kuondoa nywele kwa leza. Dawa iliingia mwilini kwa wingi, wakapata degedege, wakazimia, hawakuamka. Krimu kali, eneo kubwa, nailoni juu: usikubali, hata mtu akuambie kwa sauti tamu namna gani. Tena maumivu ndiyo king'ora chako. Ukikizima, nani atakuambia ngozi inaungua?

Sasa turudi kwenye "ngozi zote".

Melanini ya kwenye unywele na melanini ya kwenye ngozi ni kitu kilekile. Mwanga hautofautishi. Ukiwa na ngozi nyeupe na nywele nyeusi, kazi ni rahisi, joto jingi linaenda kwenye nywele. Ukiwa mweusi kama mimi, ngozi inaudaka mwanga kabla haujafika chini, na ngozi ndiyo inayopikwa. Haya si mapya. Wamarekani wawili, Anderson na Parrish, waliandika tangu 1983 jinsi mwanga uliochaguliwa kwa rangi na kwa muda wa mpigo unavyoweza kuharibu kitu kimoja na kuacha jirani yake. Kuna leza ya aleksandrite ya nanomita 755 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), inayoelewana na ngozi nyeupe. Kuna ya dayodi, karibu nanomita 800 na kidogo. Na kuna Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo melanini huidaka kwa uchache na hivyo inapita hadi chini bila kuichoma sana ngozi ya juu. Kwa sisi weusi, hiyo ya 1064 ndiyo ya kuulizia kwanza. Nayo inaunguza mkono ukiwa mbovu, ila angalau ni kifaa chenye mantiki kwa ngozi yetu.

Wangu walitumia ipi? Nilipiga simu kuuliza baada ya malengelenge. Nikajibiwa, "Ni leza ya kisasa." Nikauliza ya nanomita ngapi. Kimya, halafu, "Hiyo ni siri ya kampuni." Mimi siku ya kikao cha pili nilikuwa nimejipiga selfi kwenye kile kiti, nikijifurahisha. Nikaifungua, nikaikuza. Nyuma ya bega langu la kushoto mashine imesimama, na ubavuni mwake kuna herufi tatu: IPL.

IPL si leza, wakuu! Leza ni mwanga wa urefu mmoja wa wimbi. IPL ni taa kali inayomwaga mchanganyiko wa mawimbi, halafu kichujio kinakata baadhi. Kwenye ngozi nyeupe inafanya kazi yake, sipingi. Kwenye ngozi nyeusi sana, iliyopigwa jua, na nguvu imeongezwa kwa sababu kikao cha kwanza kilimulika mashimo... si ndiyo haya madoa? Kila kosa lilizaa lenzake, na kila kosa lilikuwa na swali moja dogo ambalo lingelizuia.

Halafu meneja ananiambia, "Ngozi yako ni sensitivu, sisi tulifuata utaratibu." Utaratibu upi? Nilipoomba kuona faili langu alinionyesha ukurasa mmoja kwa mbali, nikawahi kusoma: aina ya ngozi, III. Kuna kipimo cha Fitzpatrick cha mwaka 1975, kinapanga ngozi kwa jinsi inavyoungua au kubadilika rangi juani. Siku hizi kina aina sita, ya sita ndiyo nyeusi zaidi. Mwanzoni kilikuwa na aina nne za ngozi nyeupe tu, weusi tuliongezwa baadaye, ila hiyo ni hasira ya uzi mwingine. Mimi ni V, jioni isiyo na taa unaweza kusema VI. Aliyeandika III alikuwa anaangalia nani?

Na hakuna aliyejaribisha sehemu ndogo kwanza. Unapiga mipigo miwili mitatu nyuma ya sikio au chini ya taya, unasubiri siku moja, mbili au zaidi uone ngozi inasemaje. Kwa ngozi nyeusi kusubiri zaidi ni bora. Ningepata doa moja lililofichika, si 11 za hadharani.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye, swali lake la kwanza halikuwa la kuungua. "Mama, hedhi zako zinakwenda sawa?" Nikabaki namwangalia. Haziendi sawa, na hazijawahi. Ndevu za kidevuni kwa mwanamke mara nyingi ni habari ya homoni, na ovari zenye vifuko vingi ni mojawapo ya sababu kubwa. Usiposhughulikia homoni utachoma nywele za leo na kesho homoni zitaamsha nyingine. Tena kuna watu, hasa usoni na shingoni, ambao mwanga huo unawaotesha nywele zaidi badala ya kupunguza. Nimepimwa damu, ninasubiri majibu. Wale walichukua pesa ya vikao sita bila kuniuliza swali la sekunde tano.

"Milele" nayo waitoe kwenye tangazo. FDA huruhusu leza kuitwa njia ya kupunguza nywele kwa kudumu, si kuziondoa zote kwa kudumu. Baada ya vikao vyote watu wengi wanarudi mara mojamoja kugusia. Nywele nyeupe, mvi au za rangi ya dhahabu ndiyo kabisa, hazina cha kushikwa. Kwa hizo kuna sindano ya umeme inayoingizwa unywele mmoja mmoja. Inachosha, lakini ndiyo inayohesabika kuwa inaondoa moja kwa moja.

NYONGEZA, baada ya kusoma maoni yenu:

Wa "si ungenyoa tu": asante sana, sikuwahi kufikiria wembe maishani mwangu.

Kaka aliyeuliza kuhusu vipele vya ndevu: leza inasaidia, madaktari huitumia kwa hilo, hasa hiyo ya 1064. Ila ndevu zenyewe zitapungua. Kama unapanga kuzifuga siku moja, fikiria kwanza.

Dada mwenye kile kifaa cha nyumbani cha kuondoa nywele kinachokataa kuwaka: kimepima rangi ya ngozi yako kikaona hatari. Usikidanganye kwa kukijaribishia kiganjani. Kimekusaidia kuliko kliniki yangu ilivyonisaidia mimi.

Mwenye tatuu: wasipite juu yake. Wino nao ni rangi.

Anayetumia dawa za chunusi, za kupaka au za kumeza: mwambie mtoa huduma kabla ya kukaa, na kama hajui zinahusika vipi, ondoka.

Wanaotaka jina la kliniki, msije inbox, sitataja. Na mnaonitumia picha za krimu za kung'arisha madoa, acheni. Nimeambiwa nisipake chochote nisichoandikiwa, nijikinge na jua kila siku hata mawingu yakiwepo, na nisibandue ngozi. Ndicho ninachofanya.

Ninachotaka kwao ni viwili: pesa ya vikao vinne visivyotumika, na nakala ya faili langu, lenye jina la mashine na kiwango cha nguvu walichoweka, kwa sababu daktari ameliomba. Wameniambia meneja hayupo hadi wiki ijayo. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa pale mapokezi, kiti cha kwanza mlangoni, bila mtandio. Wateja wakiingia waanze na shingo yangu.