Tupeane uzoefu: Askari wastaafu tunaowachangishia wenzetu waliojeruhiwa kwa mbio ndefu, matembezi na milima

Askari mstaafu, Moshi

Wanajamvi, salaam. Mimi ni mstaafu wa JWTZ, na tangu nivue magwanda nimekuwa nikikimbia Kilimanjaro Marathon hapa Moshi ili kuwachangishia wenzangu waliorudi na majeraha kutoka ulinzi wa amani nchini Kongo. Wengi wenu mnaikumbuka Desemba 7, 2017, siku ambayo kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini ilishambuliwa, askari wetu 15 wakauawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Marehemu waliagwa kwa heshima zote, na ndivyo ilivyostahili. Majeruhi hurudi nyumbani, na mahitaji yake mengi huanza pale hospitali inapokuwa imemaliza kazi yake: nauli ya kliniki, mlango wa choo unaopitisha kiti cha magurudumu, soketi mpya ya mguu wa bandia (kile kikombe kinachovaliwa kwenye kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki) baada ya ile ya kwanza kulegea.

Utaratibu wangu ni huu. Familia ya majeruhi yenyewe hutaja hitaji moja, fundi huandika bei, kisha ndipo ninapotangaza kwamba kilomita 42 zinatafuta wenyewe. Kila mchangiaji huchukua kilomita yake, na fedha huenda moja kwa moja kwa fundi bila kupitia mkononi mwangu. Huwa naulizwa kwa nini nisiombe tu bila kukimbia. Naamini mtu hutoa kwa moyo anapoona mwombaji naye ametoa jasho lake. Naomba wenye uzoefu mtueleze: mnachangishaje, na majeruhi wenyewe wana nafasi gani katika shughuli zenu?

Mkenya, Aldershot, Uingereza

Afande, pokea salamu zangu. Nililitumikia jeshi la Uingereza, na huku jambo hili lina historia ndefu. Mnamo Julai 29, 1948, Daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha kwa upinde na mishale wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wanaume kwa wanawake, katika hospitali ya Stoke Mandeville, na huko ndiko ilikochipuka Michezo ya Paralimpiki.

Hata hivyo, aliyenivuta mimi ni Meja Phil Packer. Aliumia uti wa mgongo huko Basra, Iraki, Februari 2008, akaambiwa kwamba huenda asitembee tena. Aprili 2009 aliianza London Marathon kwa magongo, akitembea takribani maili mbili kwa siku, na akaimaliza Mei 9, karibu wiki mbili baada ya wakimbiaji wengine kurudi makwao. Mwezi uliofuata alilipanda jabali la El Capitan huko California, na lengo lake la kulichangishia shirika la Help for Heroes pauni 1,000,000 likatimia. Nguvu ya mchango ule, kwa maoni yangu, ilitokana na mwendo wake wa taratibu: kila jioni watu walijua amefikia wapi, na kila asubuhi walikuwa na sababu mpya ya kutoa.

Mimi hukimbia kwa nafasi za mashirika ya hisani. Shirika hukupa namba ya kukimbilia, nawe huahidi kiwango cha chini utakachochangisha. Mchangiaji anayelipa kodi hapa akijaza fomu ya Gift Aid, shirika hurejeshewa peni 25 za kodi juu ya kila pauni 1.

Mama, Nakuru

Mume wangu alijeruhiwa Somalia katika miaka ya mwanzo baada ya jeshi letu la Kenya, KDF, kuingia huko Oktoba 2011. Wastaafu wenzake waliandaa matembezi ya harambee, wakamwomba aketi meza kuu pamoja na wageni waheshimiwa. Alikataa kwa adabu, akasema anataka kuwa barabarani. Kwenye vilima walipokezana kumsukuma, na penye tambarare aliyazungusha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe. Fedha zilizopatikana siwezi kuzidharau, kwa kuwa zilirekebisha bafu letu na kulipa karo ya watoto. Lakini kilichobadilisha nyumba yetu ni mazoezi yaliyotangulia siku ile. Walikuwa wakija kumchukua kila Jumamosi asubuhi, na njiani walizungumza mambo ambayo mimi mkewe sikuwahi kuambiwa, wala sikudai kuambiwa. Akaanza kulala usiku.

Kwa hiyo nawasihi, msimfanye majeruhi kuwa picha ya kwenye fulana. Mpeni namba ya kifuani kama wengine. Na mkishamzoesha kuja kwenu, msiache kumjia baada ya michango kuhesabiwa, kwa sababu ukimya wa miezi inayofuata humuumiza kuliko ambavyo angeumia kama msingekuja kabisa.

Mwongoza wageni, Marangu

Shikamoo Afande, shikamoo Mama. Nimewapandisha mlimani wageni wa namna hii, wastaafu kutoka Ulaya na Marekani wanaochangisha kwa kupanda Kilimanjaro. Anayejulikana zaidi kati ya waliofika kwetu ni Hari Budha Magar, askari wa zamani wa Gurkha, kikosi cha Wanepali katika jeshi la Uingereza, aliyepoteza miguu yote miwili juu ya magoti nchini Afghanistan mwaka 2010. Alikuja Kilimanjaro mwaka 2020, na Mei 2023 akasimama kileleni mwa Everest.

Watu hudhani kupanda ndiko kugumu. Kwa mwenye mguu wa bandia, kushuka kutoka kilele cha Kibo hadi kambi ya Horombo ndiko kunakotesa, maana uzito wote hugonga ndani ya soketi katika kila hatua. Kisiki hubadilika ukubwa kutwa nzima, jasho hukusanyika, soketi huanza kucheza na ngozi huchubuka. Mchubuko mdogo ukipuuzwa unaweza kumnyima mtu mguu wake kwa wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Tunasimama mara kwa mara, tunakausha, tunaongeza au kupunguza soksi za kisiki, na tunalala Horombo usiku mmoja zaidi. Ombi langu kwa wanaochangisha ni kwamba malipo halali ya wapagazi yaingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa kuwa si haki mzigo wa hisani ya mwingine ubebwe na kijana wa Marangu kwa ujira pungufu.

Mstaafu wa jeshi la Marekani, Texas

Nakubaliana na ndugu wa Marangu kuhusu usalama. Huku wengi humtaja David Goggins, mwanamaji wa SEAL, kikosi cha makomando wa jeshi la majini la Marekani, ambaye mwaka 2005 alikimbia zaidi ya maili 100 kwa chini ya saa 24, akiwa na maandalizi haba mno, katika jitihada za kuchangisha masomo ya watoto wa makomando waliouawa. Nia yake naiheshimu sana, lakini mwili wake uliumia vibaya. Mwenye jeraha la vita asishawishiwe kumwiga; daktari wake ndiye aamue umbali, na wachangiaji waelezwe hivyo mapema.

Askari mstaafu, Moshi

Nawashukuru nyote. Mama, maneno yako nimeyasoma kwa familia mbili ninazoshirikiana nazo. Mwenzetu mmoja wa kiti cha magurudumu amekubali kuingia mbio za kilomita 5, nasi tutafanya naye mazoezi kila wiki, kabla ya mbio na baada yake. Kwa anayehitaji soketi, tutakwenda kuulizia bei TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC hapa Moshi. Aliyewahi kusukuma kiti kwenye lami yenye mteremko, naomba atueleze matairi gani yanafaa na breki zifungwe vipi.