Naomba ushauri: binti yangu anakimbia, na mimi nimepewa uenyekiti wa wazazi

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 12, anakimbia mita 800 na 1500, na ana hamu kubwa ya kwenda UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania. Saa kumi na moja alfajiri ameshafunga kamba za raba, ananisubiri mlangoni.

Wiki mbili sasa anakanyagia vidole akitoka mazoezini, kisigino kinamuuma. Daktari kasema mfupa wa kisigino bado unakua, apunguze kukimbia mpaka maumivu yaishe. Kocha wake anawakimbiza siku sita kwa wiki, na mtoto ananiomba nisimwambie, anaogopa kuachwa kwenye timu. Usiku namkanda kwa barafu huku analia. Kwa kweli inaniuma.

Sasa wazazi wenzangu wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya michezo. Jumamosi tuna kikao na kocha, na watoto wengine watatu nao wana maumivu. Kocha ni mtu mzima, anajituma, namheshimu sana. Nikisimama mbele za watu sauti inatetemeka, naishia kusema "basi, tutaongea siku nyingine." Safari hii siwezi kuishia hapo.

Nianzeje? Nimfuate kwanza pembeni kabla ya kikao, au niseme mbele ya wote ili asione namtetea mwanangu peke yake? Na binti nimwelezeje asione nimemsaliti? Waliowahi kuongoza wazazi au kufundisha riadha, naombeni msaada wenu kabla ya Jumamosi.