Tupeane uzoefu: kuku wawili wanapochangia kiota, kisha mmoja akawageukia vifaranga

Ndugu wafugaji, mwezi uliopita nilipoteza vifaranga wanne kwa sababu ambayo sikuitarajia. Kuku wangu wawili wa kienyeji, kishingo (asiye na manyoya shingoni) na mwekundu, waliatamia katika kiota kimoja nyuma ya mlango wa banda, na nilipomhamishia mwekundu kwenye boksi lenye nyasi kavu, alirudi kujibana palepale. Niliwaacha, kwa kuwa walilala kwa amani, kila mmoja akiyavuta mayai chini ya kifua chake kwa mdomo. Kosa langu ni kwamba sikuyatia mayai alama, na kuku wengine waliendelea kutaga humohumo. Siku ya 21 walitoka vifaranga sita. Kesho yake kishingo akainuka nao, mwekundu akabaki na mayai yaliyosalia. Kila kifaranga aliyerudi kiotani kutafuta joto alidonolewa utosini hadi ngozi ikachunika. Wenzangu, ninyi hufanyaje?

Mfugaji wa Singida: Pole sana. Mimi huzungushia kila yai mstari wa mkaa siku ninapomlaza kuku, na anapotoka kula na kunywa maji, huondoa lolote lisilo na alama. Kuku wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13. Wakichangia kiota, mayai husukumana, ya pembeni hupoa, na mwishowe unaokota viza. Sikuruhusu tena wawili walale pamoja. Kumhamisha mchana ni kujisumbua, kwa hiyo mimi humbeba usiku, nikamfungia na mayai machache hadi azoee.

Mfugaji wa Kilifi: Nadhani huyo mwekundu hakuwa mkatili. Kuku husikia vifaranga wakilia ndani ya yai siku moja au mbili kabla hawajatoka, na sauti hiyo ndiyo humtoa katika hali ya kuatamia na kumwingiza katika ulezi. Ambaye mayai yake bado yako kimya humwona kifaranga kama mgeni anayevamia kiota. Kuku wangu aina ya kuchi, ambaye ni mgomvi hata kwa majogoo, aliwapokea vifaranga wa siku moja niliomsukumizia chini ya mbawa usiku wa manane.

Mfugaji wa Morogoro: Naafiki, ila si kila mara. Kuku wangu aliyeatamia kwa mara ya kwanza alimdonoa kifaranga wake mwenyewe, akiwa bado mbichi na ganda limemshikilia mgongoni. Aidha, hatari haiishi kiotani: koo (kuku wenye vifaranga) wawili wakilishwa pamoja, kila mmoja huwafukuza watoto wa mwenzake kwenye pumba. Kila koo namfunika na wanawe chini ya tenga lake kwa wiki mbili.

Mwanzisha mada: Nawashukuru. Jana usiku niliyamulika mayai ya mwekundu kwa tochi ya simu. Matano yalikuwa viza na mawili yalikuwa meusi, yakitikisika upande wa chumba cha hewa. Nimemfunika kwa tenga akiwa nayo peke yake, na vifaranga wawili waliosalia wamelala na kishingo upande wa pili wa banda. Alfajiri hii nimesikia mlio mwembamba chini ya mwekundu, naye anaujibu kwa sauti ya chini, bila kunyanyuka.