Waliowahi kukutana na kenge wa bustani ya Lumphini, Bangkok, tupeane uzoefu

Mzururaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kuna mambo ukiyasimulia nyumbani unaonekana muongo, kwa hiyo nayaleta humu. Najua tumo wengi tuliopita Bangkok, nani kafuata mawe, nani nguo, nani matibabu.

Safari yangu ya kwanza nilifikia upande wa Silom. Usiku mzima usingizi uligoma, mwili ulikuwa bado uko Dar, saa nne nyuma. Kulipopambazuka nikatoka kunyoosha miguu hadi Lumphini. Bustani ni kubwa, ekari 140 na ushee katikati ya maghorofa, ina ziwa, na watu wanakimbia kuizunguka kama wamelipwa. Nikakaa ukingoni na mkate wangu. Majini naona kama gurudumu la lori lililochanika linaelea. Gurudumu likatoa ulimi.

Ulimi wenyewe umepasuka mara mbili, kama wa nyoka. Likaanza kupanda ukingo, kucha zinakwaruza zege, linanijia. Nikaruka juu ya benchi nikapiga kelele: "Mamba! Mamba!" Hakuna aliyegeuka. Bibi mmoja alikuwa anafanya mazoezi yale ya polepole, mikono hewani, akanitazama mimi, si yule mnyama, kisha akaendelea. Mkimbiaji akaja akamkwepa kama unavyokwepa shimo la barabarani.

Tunasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Pale msafara mzima ni kenge, mamba hayumo hata mmoja. Haya, na nyinyi semeni yaliyowakuta.

Mzee wa Mawe

Mkuu, umenichekesha. Mimi Bangkok naenda na tanzanite tangu sijaota mvi. Soko letu liko Mahesak na vichochoro vya Silom, na mnunuzi akikuzungusha ("rudi saa nane, bosi hajafika"), unakwenda kusubiri Lumphini. Hao kenge nimewazoea kuliko mabroka.

Niliyoyaona mimi ni chakula. Kuna mmoja alimtoa kambale ziwani, kambale wa kulisha nyumba nzima. Hakumtafuna. Alimpigapiga chini mpaka akatulia, akamgeuza kichwa kikatangulia, akaanza kummeza mzima mzima. Shingo ikavimba, akapumzika, akaendelea. Ilichukua muda mrefu, nikasahau hata saa nane yenyewe. Nilipofika kwa mnunuzi bosi alikuwa ameshaondoka. Biashara ya siku ile nilimwachia kenge.

Kwa urefu, mwekeni sawa na bodaboda. Wapo wadogo zaidi, ila wale wazee wa pale wanafika mita 2, na aina hiyo inaweza kupita hapo.

Mwanafunzi wa Zamani

Naongezea upande wa lugha, maana ndio ulioniaibisha.

Nilisoma huko. Mwaka wa kwanza nilimuuliza mwenzangu yule mnyama anaitwaje, akaninong'oneza: *hia*. Mimi kwa ushamba wangu nikamwonyesha kidole kenge aliyekuwa anaota jua, nikasema kwa sauti, "Hia! Hia mkubwa!" Familia iliyokuwa kwenye mkeka karibu yetu ikanyamaza yote. Mwenzangu akanishika mkono tukaondoka.

Kumbe hilo ni tusi, na ni zito. Hebu fikirieni sasa: sisi kwetu mtu akikuita kenge ugomvi umeanza, na watu wa mbali kiasi kile wamemchukua mnyama yuleyule wakamfanyia vilevile. Kosa lake sijui nini jamani. Wanaamini pia akiingia nyumbani ni mkosi, hivyo wengi hawamtaji kwa jina. Wanamwita *tua ngoen tua thong*, yaani mnyama wa fedha, mnyama wa dhahabu, ili mkosi ugeuke kuwa heri. Niliporudi nilimwita kaka yangu fedha na dhahabu, akashukuru. Sikumweleza.

Mama Vitenge

Nyie mnacheka. Mimi nilitoka Pratunam miguu inawaka moto, siku tatu za kuchagua magauni, mwenzangu akasema twende tukapumzike bustanini, kuna viboti vya kukanyaga kwa miguu vyenye umbo la bata maji. Nikapanda. Tumefika katikati ya ziwa naona kichwa kinakuja, mkia nyuma unapiga maji kushoto kulia. Akaja ubavuni kabisa. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na nyingine nikazichanganya. Mwenzangu anakanyaga, mimi nimepandisha miguu juu ya kiti. Kenge wa watu akatupita, hana habari na sisi.

Sasa sikilizeni hili. Tumeshuka, natembea haraka nitoke, mara spika zikalia muziki na bustani nzima ikasimama. Wakimbiaji wamesimama, watoto wamesimama, muuza maji amesimama. Nikajua basi, amri imetoka, kuna kenge kashambulia mtu, ukitikisika umekwisha. Nami nikaganda. Pembeni yangu kenge mmoja anatembea zake peke yake kati ya binadamu waliokuwa kama sanamu. Muziki ulipoisha kila mtu akaendelea na yake.

Ulikuwa wimbo wa taifa. Unapigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nimeambiwa hotelini, na mhudumu alicheka mpaka akakaa chini.

Kijana wa Kibaha

Swali langu moja tu wakuu: wanauma? Wana sumu? Nina safari mwezi ujao.

Mtu wa Pori

Wanauma ukiwabana kona au ukiwashika. Ukimwachia njia anakwenda zake. Cha kuogopa kwanza ni mkia, ni fimbo ile. Kuhusu sumu, wataalamu walionyesha miaka ya 2000 kwamba kenge wana tezi za sumu kwenye taya, ila hiyo si ya kuua mtu mzima. Kidonda chenyewe ndicho kibaya, maana mnyama huyu anakula mizoga. Usimlishe, usipige naye picha ukiwa umechuchumaa, utarudi salama.

Kwa Mzururaji: wa kule ni *Varanus salvator*, wa kwetu wa mitoni ni *Varanus niloticus*. Ni ndugu, lakini hawakulelewa sawa. Kule sheria inamlinda, ukimuua una kesi. Mwaka 2016, walipokadiriwa kufika 400 hapo Lumphini na watu wakalalamika, jiji liliwatega baadhi yao wakapelekwa kituo cha wanyamapori Ratchaburi. Waliobaki ndio hao mliowaona, wanasafisha samaki waliokufa bila kudai mshahara.

Kwetu nimekulia bondeni Rufiji. Siku moja kenge alikutwa kwenye kalavati karibu na shule, na kabla kengele ya mapumziko haijaisha ameshakufa kwa mawe. Nami nilirusha. Baadaye nikaenda kusoma habari zao, nikajifunza kwamba jike wa kwetu huchimba kichuguu akatagia ndani, kisha mchwa wenyewe wanaziba tundu, na mayai yanakaa humo miezi na miezi kwenye joto na unyevu bila mlinzi. Na huyo huyo anakula mayai ya mamba kwa wingi. Tangu hapo nikiona watu wameokota mawe huwa nasimama mbele. Naitwa majina, mojawapo mnalijua.

Baharia wa Kibokoni

Mie si Bangkok, ni Colombo. Tulitia nanga siku nne, nikatembea mpaka ziwa Beira, hapo mjini kati. Wako vilevile, wanakwea kwenye kingo. Wenyewe humwita *kabaragoya*. Nikamuuliza mzee mmoja kwa ishara, huliwa huyu? Akatikisa kichwa kwa nguvu, akanionyesha kuwa kuna mwingine wa nchi kavu, huyo ndiye wa kutiwa chunguni. Sikuomba kuonja.

Mzururaji

Wakuu nimesoma zote. Mama Vitenge, umenimaliza kabisa.

Nimalizie yangu. Kesho yake nilirudi mapema na simu nimeichaji, sikuona hata mmoja. Wanangoja jua. Kwenye saa tatu hivi wakaanza kutoka, mmoja akalala kwenye njia ya wakimbiaji, nami nikajikuta nimemzunguka tu bila kupiga kelele. Nikapiga picha, nikamtumia mama kijijini.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Hakuuliza ukubwa, hakuuliza kama nimeumia. "Mwanangu, sasa hao watu kuku wao wanawafugia wapi?"