Naomba ushauri: bajeti ya utafiti wa ulevi na malipo ya waliopitia uraibu

Wakuu, tunaandaa andiko la kuomba fedha za utafiti wa chuo kikuu kuhusu pombe na afya ya akili hapa Moshi. Vibali vya maadili, cha chuo na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), tumevitengea fungu. Tunapokwama ni malipo ya waliopitia uraibu wenyewe; tunataka watunge maswali pamoja nasi, wasiwe wa kuhojiwa tu. Wafadhili kama Wellcome wanalitaka hilo, na ni haki. Ila uhasibu hulipa kwa benki, na aliyetoka nyumba ya upataji nafuu (sober house) bila akaunti atasubiri sana. Fedha nyingi kwa mkupuo nazo zinaweza kumrudisha kilabuni. Je, nauli kila kikao na posho ya kila wiki kwa simu vinapita kwa wakaguzi? Fungu liitweje?

La pili: dodoso la AUDIT, la WHO la kupima unywaji wa pombe, lina maswali 10, na alama 8 au zaidi huashiria unywaji hatarishi. Swali la 2 na la 3 huhesabu vinywaji, kimoja kikiwa takriban gramu 10 za alkoholi. Lakini mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya huku, hunywewa kwa kata, na ukali hubadilika kadiri inavyochachuka. Aliyewahi kupeleka sampuli maabara kupima ukali huo alitenga fedha kiasi gani, na alizuiaje isiendelee kuchachuka njiani?