Simu inasema mwanangu yuko sawa, nesi anasema uzito umepitiliza

Mama Nasri, Tandika
Wazazi wenzangu, naomba msaada. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 9. Ana kilo 41, urefu sentimita 132. Juzi nilimpeleka hospitali kwa ajili ya kikohozi, nesi akampima akaniambia, "Mama, huyu uzito umepitiliza." Usiku nikapakua programu ya BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, nikajaza vipimo vyake. Ikatoa 23.5 kwa rangi ya kijani: kawaida. Bibi yake naye anasema mtoto ana afya, nisimchunguze. Lakini namwona akipanda ngazi anavyohema, na shuleni wamempa jina ambalo hataki kunitajia. Nataka kitu cha simu kinisaidie, ila sitaki aonekane mgonjwa mbele ya dada zake.

Muuguzi mstaafu
Pole mwanangu. Nesi yuko sahihi. Programu hiyo ni ya watu wazima, ambao kwao 18.5 hadi 24.9 ni kawaida. Mtoto anasomwa kwa umri na jinsia. Kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2007, mvulana wa miaka 9 akipita 20.5 hivi tayari ni unene uliokithiri. Shirika hilo lina programu ya bure ya kompyuta, AnthroPlus, inayochora mstari kama wa kadi ya kliniki. Mpime kila baada ya miezi mitatu, si kila asubuhi. Usimnyime chakula: bado anarefuka, na mara nyingi inatosha uzito usimame wakati urefu unaendelea. Mrudishe kwa daktari apimwe presha na sukari.

Baba wa wawili
Dada, usimwekee programu ya kuhesabu kalori. Nilimwekea binti yangu. Wiki ya pili nikamkuta anakula amejificha nyuma ya mlango. Niliumia sana, nikaifuta siku hiyohiyo. Sasa natumia simu yangu mimi, napiga picha kila kinachoingia mezani, cha familia nzima. Picha za wiki moja zilinionyesha kuwa tatizo halikuwa wali, lilikuwa vinywaji. Soma nyuma ya chupa: kola ya nusu lita huwa na sukari gramu 50 na zaidi, vijiko 12 hivi vya chai. Na saa kumi na moja jioni kengele ya simu ikilia, runinga inazimwa, tunatoka wote na mpira.

Mama Nasri, Tandika
Asanteni sana. Nimepiga picha tangu jana: soda mbili, juisi ya boksi, chipsi. Soda zote mbili kanunuliwa na bibi. Ni mama mkwe, namwambiaje?

Muuguzi mstaafu
Usianze na soda. Mwambie, "Mama, daktari anataka kumwona Nasri, naomba utusindikize." Maelezo ayasikie hukohuko, wewe ukiwa umekaa kimya pembeni.