Tupeane uzoefu: probayotiki za tumbo, ulichaguaje na zilikusaidia?

Bintimvita, Tudor

Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa nyote.

Nafungua uzi huu kwa sababu rafu za probayotiki (vijidudu hai vinavyoliwa ili kusaidia tumbo) kwenye makemisti ya hapa Mombasa zinazidi kurefuka, na watu wananunua kwa kuambiwa tu. Kuna kapsuli, kuna unga wa pakiti, kuna matone ya watoto wachanga, hadi peremende za kutafuna. Kwenye simu ndiyo usiseme: huyu anakwambia zinapunguza kitambi, yule zinaondoa chunusi, mwengine anauza "kusafisha tumbo" kwa bei ya karo. Na mnunuzi mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgonjwa, pesa yenyewe ya kuungaunga. Hili linaniuma.

Basi tusimulie: ulikuwa na tatizo gani, ulipewa aina gani (jina la kampuni si lazima), uliihifadhi vipi kwenye joto letu hili, na ilisaidia au la. Hata kama haikusaidia andika, maana hizo ndizo habari tusizozipata kwa muuzaji.

Naanza mimi. Nilipimwa nikakutwa na H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, nikaandikiwa dawa za wiki mbili: antibayotiki mbili na ya kupunguza asidi. Tumbo likaanza kuendesha, na mdomoni ladha ya chuma, chakula hakipiti. Nikawa natamani kuziacha. Mfamasia akanipa kapsuli za Saccharomyces boulardii. Alinieleza kwamba hiyo si bakteria, ni hamira, jamaa wa karibu wa hii tunayoumulia mahamri, ndiyo maana antibayotiki haziiui na waweza kuitumia katika kipindi hichohicho. Kuhara kulipungua nikamaliza dozi. Kilichoua H. pylori ni zile antibayotiki, wala mtu asidanganywe. Kapsuli zilinisaidia kuzivumilia mpaka mwisho. Kwa mtu mzima, mimi naona hapo ndipo pesa ya probayotiki inapoeleweka zaidi: unapotumia antibayotiki kali na tumbo limeharibika.

Ummu Mapacha, Kisauni

Waaleykum salaam dada. Yangu ni ya mtoto wa kunyonya.

Katika mapacha wangu, mmoja ikifika magharibi analia mpaka anageuka rangi, miguu ameikunja tumboni, ngumi amezifumba. Mavyaa akasema ni mchango, akaleta dawa ya mizizi ichemshwe apewe kijiko. Kumkatalia mavyaa si jambo jepesi, mnajua. Nikamwambia, "Mama, tumpeleke kwanza kliniki apimwe, tukirudi tutazungumza." Alikubali, tukaenda sote.

Nesi akampima uzito, akamtazama tumbo, akauliza kama ana homa, kama anatapika kijani, kama choo kina damu. Hakuna. Akasema mtoto mzima, anaongezeka vizuri, hii ni hali ya wachanga na huwa inaisha yenyewe miezi mitatu, minne hivi. Na akamweleza mavyaa kwa heshima kwamba mpaka miezi sita ni ziwa tu, hata maji hapana. Dawa za daktari ndizo zenye ruhusa.

Nilipouliza kuhusu matone, daktari aliniandikia ya bakteria aitwaye Lactobacillus reuteri DSM 17938. Akasisitiza hiyo namba ya mwisho, akasema hayo ndiyo yaliyojaribiwa kwa watoto wanaonyonya ziwa la mama. Kwa wale wa maziwa ya kopo faida haijaonekana vizuri. Matone matano kwa siku. Kilio kilipungua. Lakini na mtoto naye alikuwa anakua, kwa hivyo siwezi kula yamini kuwa ni matone na si umri. Ninaloweza kulisema ni kwamba tulipata usingizi, na mavyaa akawa ndiye anayenikumbusha saa ya matone.

Dereva wa Likoni

Wangu alikuwa na mwaka na kitu. Kuhara na kutapika tangu alfajiri. Nikaingia duka la dawa karibu na feri (silitaji), nikaeleza, nikauziwa pakiti za probayotiki za bei, nikaambiwa hizi zitakata. Hakuna aliyenitajia ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wala zinki. Jioni macho yameingia ndani, analia bila machozi, nepi kavu tangu mchana. Shangazi yangu alipomwona tu akasema huyu hospitali sasa hivi.

Alhamdulillah alipona, kwa ORS ya kijiko kijiko na vidonge vya zinki. Hospitali walitueleza: aliyepita miezi sita zinki miligramu 20 kila siku, aliye chini ya hapo 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiwa kumekoma. Kina baba wenzangu, hiyo ORS ni bei ndogo sana kuliko nilichonunua. Iwekeni nyumbani.

Bintimvita

Kaka, pole sana, na shukran kwa kulisema wazi. Naomba anayepita hapa asome ujumbe wa Dereva mara mbili. Mtoto anayeharisha anakaushwa na maji yanayomtoka, na probayotiki hairudishi maji. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja Marekani na moja Kanada, za watoto wenye kuhara na kutapika. Waliopewa probayotiki zenye Lactobacillus rhamnosus hawakupona upesi kuliko waliopewa unga mtupu. Kwa hivyo ukiwa na pesa ya kitu kimoja, ni ORS na zinki. Pakiti ya ORS pia isome, kuna za nusu lita na za lita moja. Ukikosea maji umeharibu dawa.

Mfamasia wa Mwembe Tayari

Nimefurahi kuona uzi huu. Kazi yangu ni kaunta, niwaeleze ninavyoangalia boksi mwenyewe kabla sijaliweka dukani.

Kwanza jina. Boksi likiandika "Lactobacillus" pekee halijakwambia kitu. Ni kama kuambiwa mtu anakaa Kisauni, bila mtaa wala mlango. Linatakiwa jina la kwanza, la pili, na herufi au namba mwishoni: rhamnosus GG, reuteri DSM 17938, na kadhalika. Faida iliyoonekana kwa mmoja haihamii kwa ndugu yake. Halafu msishtuke na majina mapya: mwaka 2020 wataalamu waliigawa jamii ya Lactobacillus, kwa hivyo siku hizi mtaona Lacticaseibacillus rhamnosus au Limosilactobacillus reuteri. Ni walewale.

Pili hesabu. Mtaona herufi CFU, yaani idadi ya vijidudu hai, mara nyingi kwa mabilioni. Wateja wanadhani bilioni 50 inaishinda bilioni 5. Si lazima, kinachotakiwa ni kiasi kilichojaribiwa kwa tatizo lako. La kuuliza zaidi ni hesabu hiyo ni ya siku gani. Boksi likisema idadi ni ya wakati wa kutengenezwa, huku ukiwa umebakisha miezi miwili lipitwe na tarehe, hujui kilichobaki hai ni kiasi gani. Natafuta lenye kuahidi idadi mpaka tarehe ya mwisho.

Tatu, na kwa Mombasa hii ndiyo inayonikosesha raha: joto na unyevu. FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walipoieleza probayotiki mwaka 2001 walianza na neno "hai". Sasa chukua kopo linalotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, lisafirishwe kwenye boksi la kawaida, lipangwe dirishani linapopigwa na jua la saa saba, kisha mteja alitie mkobani azunguke nalo Marikiti. Ukilipa, umelipia maiti za bakteria. Basi uliza: hii ni ya friji? Kama ni ya friji na imetolewa rafuni, iache. Kama nyumbani kwako stima inakatika kila mara, chagua inayostahimili joto la chumba, na soma imeandikwa chini ya nyuzi ngapi, maana wengi wanaandika 25 na vyumba vyetu mwezi wa Machi vinapita hapo. Zilizofungwa moja moja kwenye karatasi ya bati zinavumilia unyevu wetu kuliko za kopo linalofunguliwa kila siku. Na kile kipakiti kidogo cha kukausha ndani ya kopo msikitupe.

Mwisho, wasiofaa kuzitumia bila daktari: mtoto njiti, aliyelazwa na mpira kwenye mshipa mkubwa, na mwenye kinga iliyoshuka sana. FDA, idara ya Marekani ya chakula na dawa, ilitoa onyo mwaka 2023 baada ya mtoto njiti kufariki hospitalini akiwa amepewa bidhaa ya aina hii. Hamira ya boulardii nayo ikiingia kwenye damu ya mgonjwa dhaifu ni maambukizi makubwa.

Mwalimu wa Changamwe

Nauliza na kujibu hapohapo kwa faida ya Waislamu wenzangu. Ganda la kapsuli nyingi ni jelatini, na jelatini hutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Boksi nililopewa liliandika "jelatini" tu. Nilimrudishia mfamasia, naye kwa uungwana akatafuta nyengine yenye ganda la mimea, ile wanayoandika HPMC. Zipo, ni kuuliza tu. Mke wangu naye maziwa yanamletea shida, tukagundua baadhi zimechanganywa na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Maandishi madogo ya nyuma ya boksi ndiyo ya kusomwa kwanza.

Mama Lala, Kongowea

Mimi sijawahi kununua kapsuli, na watoto wangu wanne wamekulia maziwa lala. Nachemsha maziwa, nayaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, natia vijiko viwili vya yale ya jana, nafunika, nafunga kitambaa. Kwa joto la hapa kulala na kuamka yameganda. Mabichi yasiyochemshwa sitaki hata mtu anipe bure, brusela imemlaza mjomba wangu mwaka mzima na viungo vikimuuma.

Wanaotaka kununua, waangalie kama mtindi ni wenye vijidudu hai. Kuna ule uliopashwa moto baada ya kugandishwa ili ukae dukani muda mrefu. Ladha ipo, uhai haupo.

Bintimvita

Mama yangu, umesema. Niongeze moja: vijidudu viwili vya mtindi, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, vinasaidia kuisaga ile sukari ya maziwa. Ndiyo maana mtu anayevimbiwa na chai ya maziwa anaweza kunywa mtindi akakaa salama. Kwa afya ya nyumba nzima isiyo na ugonjwa, mimi niko upande wa Mama Lala, pamoja na mbaazi, kunde, mchicha na paipai, maana bakteria waliomo tumboni tayari wanataka chakula chao, na chakula chao ni nyuzinyuzi. Uji wa wimbi uliochachushwa nao ni mzuri, ila ukishachemka wale bakteria wamekufa. Kinachobaki ni ule ukali na urahisi wa kusagika.

Fundi wa Mikindani

Mimi haikunisaidia. Gesi na kuhara kwa vipindi, nikatumia probayotiki miezi, nikibadilisha kila nikisikia mpya. Nilipopima choo ikaonekana ni giadia, kijidudu cha tumboni. Dawa ya siku chache ikamaliza. Na mzizi wake ulikuwa maji ya kisima tuliyokuwa tukinywa bila kuyachemsha. Tumbo likizidi wiki mbili nendeni maabara, na mkiona damu au uzito unashuka msingoje hata hizo wiki mbili.

Bi Mkubwa, Mji wa Kale

Wanangu nimewasoma wote, Mungu awabariki. Niulize. Ndugu yangu wa kike yuko kwenye dawa za saratani kwa mishipa, na tumbo linamsumbua. Mwanawe wa Dubai ametuma kopo la probayotiki, bilioni sijui ngapi, na anahimiza tuanze leo. Nimpe?

Mfamasia wa Mwembe Tayari

Shikamoo Bi Mkubwa. Usimpe. Dawa zile zinashusha kinga, na yeye ni katika wale niliowataja wasiojaribu bila daktari wake kusema. Kuhara kwa mgonjwa wa saratani kwenyewe ni jambo la kuripoti, hasa akiwa na homa. Leo piga simu kliniki anakotibiwa uwaambie tumbo linavyokwenda, mara ngapi kwa siku, na kama ana joto. Akiwa na joto msilale nalo nyumbani, mpelekeni usiku huuhuu. Kopo litieni mkobani likaonwe na daktari lilivyo, limefungwa.

Bi Mkubwa, Mji wa Kale

Marahaba mwanangu. Nimempigia mwanawe, amekubali tungoje. Joto hana, nimempima sasa hivi. Kliniki wamesema tumlete asubuhi saa mbili.